Saki Nyekundu Iliyoshonwa kwa Ndani

Mkija kwangu kutafuta mfuko wa kulalia, msianze na rangi. Rangi ni ya kitenge. Niambieni kwanza mtalala wapi, nani atakuwa karibu, na mvua ikiwakuta mtakimbilia fasi gani. Kijana akishindwa kunijibu hayo, namwambia arudi nyumbani akalale kwa mama yake, kuna joto.

Mimi ni Mama Faida wa Nakivale, kambi ya wakimbizi ya Uganda, yule wa karibu na mashine ya kusaga. Wajukuu wananiita Koko, na nyinyi msio damu yangu niiteni hivyo hivyo, sitakataa. Nimeuza mifuko ya kulalia, mahema na mabegi ya mgongoni tangu wengi wenu hamjazaliwa. Sisi Wakongomani mfuko wa kulalia tunauita saki, na hapa nitaandika saki. Shule niliiacha mapema, kwa hiyo ninaandika polepole kama mtu anayechambua maharagwe. Lakini saki ninaijua kuliko ninavyojua magoti yangu. Wacha nijisifu. Asiyejisifu akiwa hai atasifiwa kaburini, fasi hatasikia.

Kazi nilifundishwa na jirani yangu, Mama Skolastika, Mrundi. Leo macho yake yamezimika, ila vidole bado vinaona. Ndiye wa kwanza hapa kwetu kwenda Mbarara wakati wa kufungua balo za mitumba, akaacha wenzake wagombanie makoti na viatu vya watoto, yeye akachukua vilivyobaki chini ambavyo hakuna aliyejua kazi yake. Mwanzoni watu walicheka. Kuna mama alinunua saki akawekea karanga. Mwingine alinunua hema dogo akalifanya nyumba ya kuku, na kuku wakakataa kuingia. Skolastika hakubishana na mtu. Alikuwa akisema, "Mvua itabafundisha, mimi sina fimbo."

Basi sikilizeni alivyonifundisha, maana hata leo mnaponiletea picha kwenye simu mkiuliza "Koko, hii ni nzuri?", mimi siwezi kujibu. Simu haina harufu.

Saki unainusa kwanza. Ikinuka dawa ya duka, ni mpya na haijui kitu. Ikinuka moshi na jasho kidogo, imewahi kumsaidia mtu. Ikinuka uvundo, iache, hata kama unapewa bure. Kisha unaiinua juani na kutazama mishono. Zile za rahisi zimeshonwa kutoboa upande hadi upande, na kwenye mstari wa uzi utaona nukta za mwanga zimejipanga kama nyota. Wewe umeziona mchana, baridi itaziona baadaye. Ile nzuri ina kuta ndani yake, kitambaa chembamba kati ya vyumba vya manyoya, na jua halipiti. Halafu zipu. Zipu ni mlango. Fumba macho, lowesha mikono, uifunge na kuifungua kwa mkono mmoja, maana siku ya shida ndivyo utakavyokuwa: kipofu, umelowa, na mkono mmoja una kazi nyingine. Paka mshumaa kwenye meno yake. Hata hivyo usiiamini. Hakuna mlango usiokataa siku moja.

Na msidhani kila kitu cha bei ya juu kina akili. Saki ya manyoya ya bata ikilowa maji imekufa, inalala kama kitambaa cha kudekia. Ile ya pamba ya plastiki, hata ikilowa, inabakiza joto kidogo. Kwa hiyo mlinzi wa shamba anayelala chini ya nyasi zinazovuja, mimi mwenyewe namwambia achukue ile ya rahisi iliyo nene, na faida nakosa. Lakini anayekwenda kwenye baridi ya kweli, baridi inayokausha mate mdomoni, huyo achukue manyoya, kisha ayalinde na maji kama anavyolinda mtoto.

Hapo ndipo penye shida, na ndiyo sababu ninaandika. Watu wetu wanaiogopa saki nzuri. Wanaichukua mikononi, wanaona ni nyepesi, wanatabasamu, halafu wanaiogopa.

Nyinyi mliozaliwa hapa huenda hamjui. Sisi tuliokuja kutoka Fizi na Uvira, mtu aliyefungwa toka miguu mpaka kichwa ni maiti. Wengi tumewabeba hivyo njiani, blanketi na kamba. Sasa angalia saki ya mlimani ilivyokatwa: pana begani, nyembamba miguuni, na kofia ya kufunika kichwa ibaki pua. Ukiitandika chini umetandika mtu. Na hilo si lote. Ile ya manyoya, ukiitoa kwenye kifuko chake, imenyauka kama tumbo la mwenye njaa. Unaiweka mkekani, unakwenda kuchochea moto. Ukirudi, imenyanyuka. Kifua kimeinuka. Hakuna aliyeigusa.

Ni manyoya yanavuta hewa tu. Huo ndio ubora wenyewe, na inayonyanyuka polepole na kwa muda mrefu ndiyo bora zaidi. Ile mbovu haisogei, inalala bapa kama mkeka, na watu wanaipenda kwa sababu imetulia. Nimeona wanaume wenye ndevu wakichagua baridi kwa kuogopa kitu kinachopumua.

Skolastika alikuwa na desturi yake. Kila alipofungua saki ya mtumba aliisalimia kwa Kirundi: "Mwaramutse." Ni salamu ya asubuhi, lakini ndani yake mna swali: je, usiku mmeumaliza? Nilimcheka. Akaniambia, "Mtu amelala humu, amepumua humu, hujui aliamka ama hakuamka. Kumuuliza ni adabu." Nikaacha kucheka, nikaanza kusalimia na mimi. Desturi ya pili ilikuwa sindano. Hakuuza saki bila kuchomeka sindano chini ya kofia, kwenye mkunjo, na uzi umezungushwa juu yake. Uzi wetu tunaufumua kwenye midomo ya magunia ya unga wa msaada, mweupe, mgumu, hauozi. Nikiuona uzi huo popote najua umetoka hapa kwangu.

Sasa saki nyekundu.

Niliikuta Kakiika, pale pembeni mwa Mbarara, kwenye stoo ya kijana wa Kinyankore anayeitwa Mwesige. Balo lilikuwa limefunguliwa na vijana wake wa kubeba wamesimama mbali nalo, ukutani, kama watoto waliovunja chungu. Katikati ya sakafu kulikuwa na saki, nyekundu iliyokolea, rangi ya ini. Ilikuwa inamalizia kunyanyuka.

"Nyabo, mama, hii chukua tu," Mwesige akasema. "Vijana yangu nasema inapumua. Mimi hapana taka maneno hapa ndani."

"Na wewe unasema nini?"

"Mimi nasema chukua."

Nikapiga magoti, nikasema mwaramutse, nikaingiza mkono. Wanangu, nimeingiza mkono kwenye saki nyingi. Nzuri inarudisha joto lako baada ya muda, kama mtu anayefikiri kwanza. Hii ilikuwa na joto tayari. Sakafu ya saruji, asubuhi ya mvua, balo lililofungwa kwa waya toka ng'ambo. Nikajiambia vijana walikuwa wameilalia. Nikamtazama mmoja, akatikisa kichwa kabla sijauliza.

Niliileta nyumbani, Skolastika akaitandaza mapajani. Wakati huo bado alikuwa anaona kidogo. Vidole vikapita kwenye zipu, vikafika kifuani, vikasimama.

"Mama Faida, lete mkono wako."

Kando ya zipu, toka kifuani mpaka kwenye kofia, kulikuwa na mabaki ya uzi wa kijani. Mishono mikubwa, ya haraka, imeunganisha upande na upande juu ya zipu iliyokataa. Yote ilikuwa imekatwa kwa kisu.

"Imeshonwa," nikasema. "Zipu ilikwama, wakashona. Ndiyo nini?"

"Tafuta fundo."

Nikatafuta nje, sikuona. Nikageuza. Fundo lilikuwa ndani. Mwanzo wa uzi, ndani. Mwisho wa uzi, karibu na fasi ya mdomo, ndani.

"Ego, ndiyo," Skolastika akasema taratibu. "Huyu alijishona akiwa humo. Na tazama uzi unavyolala. Mkono wa kushoto."

"Na aliyekata?"

"Aliyekata alikuwa nje."

Pengine alikatiwa akiwa mzima, akanywa chai, akarudi kwao akazaa watoto. Pengine sivyo. Saki haina mdomo. Mabaki ya uzi wa kijani hatukuyatoa. Skolastika alikataa, akasema si yetu.

Mnunuzi wa kwanza alikuwa Ezekieli, Mrundi mwenzake, aliyekuwa anakwenda Ngarama kulinda mahindi dhidi ya nguruwe mwitu. Alikuwa na kibanda kizuri kisichovuja, ndiyo maana nikampa ya manyoya. Akaondoka ameifurahia. Siku iliyofuata nikamwona anarudi, ameibeba kwa ncha ya fimbo, mkewe nyuma yake ana mchi wa kinu.

"Mama Faida, shika kitu yako. Iko na mtu ndani."

"Ni manyoya, Ezekieli. Ya bata."

"Bata gani? Alikufa?"

"Alikufa, ndiyo."

"Basi ndiye huyo!"

Mkewe alikuwa ameitandika kitandani, akaenda kuchota maji, akarudi akakuta kitandani mtu amelala amejifunika. Akadhani mumewe amerudi na homa. Akamwita. Hakuitika. Akamwita tena, na mtu yule akainua kifua. Ndipo mchi ulipokuja. Aliipiga mpaka majirani wakaingia. Mimi nikaichunguza: hakuna mshono uliofumuka, hakuna unyoya uliotoka. Nikamwambia, "Mama, umenisaidia kuipima, sikuwa na nguvu hizo." Hakucheka. Akaniambia kwa sauti ndogo, "Nilipoipiga, nilisikia inakohoa."

Ezekieli akachukua ile bapa ya bei rahisi, ya kijivu, imekufa vizuri. Alirudi toka Ngarama kabla ya mavuno na kifua kimejaa, akalazwa, na nguruwe ndio waliovuna. Mpaka leo ukimuuliza atakuambia alichagua vizuri.

Baada ya hapo sikuiuza tena. Niliitundika kwenye msumari nyumbani, imelegea, maana saki ya manyoya haiwekwi imebanwa. Ukiibana mwaka mzima inasahau kunyanyuka. Watoto wa jirani walipita upande wa pili wa njia. Asubuhi ukungu ukipanda toka ziwani na kuingia mlangoni, ilikuwa inayumba kidogo. Ukuta wa udongo una pepo zake, nikawa najiambia.

Sasa nakuja kwa Riziki, mtoto wa kike wa binti yangu Faida. Mama yake yuko mbali kwa kazi, nimemlea mimi. Riziki ana mabega ya kubeba, na ulimi ambao sijui ameutoa wapi, watu wananitazama mimi. Alipata kazi ya kuwabebea mizigo watu wanaopanda Rwenzori, mlima wenye barafu. Alirudi Nakivale kuaga akiwa na furaha inayomwagika, ameshika saki mpya ya buluu aliyoinunua dukani Mbarara. Inang'aa. Kwenye kifuko imechorwa mlima.

Nikainusa. Dawa ya duka. Nikaiinua juani. Nyota tupu.

"Imechorwa mlima," nikamwambia, "lakini mlima wenyewe haijauona."

"Koko, hii ni ya kisasa."

"Hii ni ya kulala kwa shangazi. Huko utakufa. Chukua ile nyekundu."

Akaitazama pale msumarini, uso ukabadilika. Mtoto aliyekua akilala chumba kimoja nayo, hakuwahi kuigusa.

"Ile maiti? Mi siwezi lala mu ile kitu. Hata unipige."

Nilikasirika, sitaficha. Mtu mzima anayemwona mtoto wake anaingia kwenye baridi na kitambaa cha pazia, akikaa kimya ana kasoro. Tukazozana mpaka uji ukaungua. Faida alinizalia mjukuu mmoja tu, na mlima ule kila msimu tunasikia umemeza mtu. Nikaona maneno hayatoshi, nikafanya alivyonifanyia Skolastika nilipokuwa mbishi.

Alfajiri, wakati ukungu ni mzito na viboko ndio kwanza wanarudi majini, tukaenda kwenye mawe yaliyo mbali nao, juu ya ziwa. Jiwe saa hizo linanyonya joto la mtu kama ndama. Nikamwambia alale kwenye ile ya buluu. Akalala, akajidai. Muda si muda meno yakaanza kugongana. "Sawa," nikamwambia, "sasa hii." Akaingia kwenye nyekundu akiwa ameacha mkono mmoja nje, wazee wetu ndivyo wanavyosema, aliyelala na mkono nje bado hajakubali kuzikwa. Nikamwacha.

Nikakaa pembeni, nikasali rozari kimoyomoyo, natazama ukungu. Nilipogeuka, mkono ulikuwa ndani. Kifua cha saki kilikuwa kinapanda na kushuka, polepole, polepole kuliko msichana wa umri wake anavyopumua. Jua lilipofika nikamwita. Akafungua macho kama aliyetoka mbali.

"Koko, ulinishika mgongo?"

"Sijakugusa."

"Kulikuwa na mkono. Mu mgongo hapa. Moto." Akatazama maji. "Haikuwa mubaya."

Hakusema kwamba nimeshinda, na mimi sikuuliza. Lakini jioni aliichukua. Nikaishonea mfuko wa nje wa shitingi, lile turubai la plastiki la msaada, mishono nimeipaka nta ya mshumaa, ili maji yasifike kwenye manyoya. Nikachomeka sindano chini ya kofia na uzi wa gunia juu yake, nikamwonyesha kwa kidole ilipo. "Na ukiifungua uisalimie," nikamwambia. Akazungusha macho. "Koko, mi nisalimie bata?" Asubuhi akapanda pikipiki kwenda Kabingo kutafuta gari, na saki nyekundu imekaa mgongoni mwake kama mtoto.

Nyumba ikawa kubwa. Msumari ulibaki ukutani, na mimi nikawa najikuta naukwepa ninapopita, kama bado kuna kitu.

Simu ililia niko kwenye kisima. Sauti ya mwanaume nisiyemjua. Alijiita Baluku, akasema ndiye anayewaongoza wabebaji. Nikatua ndoo chini.

"Mama, huyu msichana yako ni mzima. Mguu tu imepinda. Lakini nataka kuuliza, nani alimufundisha kujishona kama gunia ya kahawa?"

"Kujishona?"

"Mimi nakata uzi na kisu, nafikiri nafungua maiti. Nafungua, mvuke inatoka. Ndani iko moto kama chapati! Huko nje mawe yote iko na barafu. Mama, hiyo kitu unauza wapi?"

Riziki alirudi na fimbo na mguu umefungwa. Tulimketisha uani, Skolastika akaletwa na kiti chake, na nikampa chai yenye tangawizi kabla sijamruhusu kusema. Nanyi sikilizeni alivyotuambia.

"Mawingu ilishuka mchana, Koko. Mchana kabisa. Hauoni hata mkono yako. Mvua ya mawe, kisha upepo. Nikateleza fasi ya matope, mguu ikapinda. Babebaji bengine babili walikuwa na mizigo ya wageni, banasema tutafikisha mizigo, tutarudi kukubeba kabla ya giza. Nikaingia chini ya jiwe. Nikaingia mu saki, na shitingi juu. Zipu ikafika mu kifua, ikakataa. Imejaa barafu. Nikavuta mpaka vidole vikakufa. Hata kikombe singeshika. Na baridi inaingilia pale wazi, inaingia kama maji."

"Ukafanya nini?" nikamwuliza.

"Nikangoja, giza ikaingia, hakuna aliyerudi. Nikalia. Nikasema, Koko, nisamehe, ya buluu ama nyekundu, leo ni sawa tu." Akanywa chai. "Kisha ule mkono ikanishika mu mgongo. Ule wa kwenye ziwa. Nikasema mwaramutse, sijui kwa nini, mdomo ndiyo ilisema. Nikalala."

"Halafu?"

"Halafu asubuhi nikasikia kisu."

Jua lilikuwa kali, kuku wanaparua, mashine ya kusaga inanguruma upande ule, mchana wa kawaida kabisa wa Nakivale.

"Ulishona lini?" nikamwuliza.

"Sikushona, Koko."

"Baluku amekata uzi."

"Najua amekata, nimesikia. Mimi sikushona. Vidole vyangu vilikuwa mbao. Naapa kwa jina ya mama."

Nikaichukua saki, nikaitandaza kwenye mkeka mbele ya macho yetu. Ilianza kunyanyuka, na sisi tukaiacha inyanyuke. Kando ya zipu, toka kifuani mpaka kwenye kofia, kando ya mabaki ya uzi wa kijani, kulikuwa na uzi mweupe uliokatwa kwa kisu. Uzi wa gunia. Uzi wangu. Nikatia mkono chini ya kofia. Sindano ilikuwa pale pale nilipoichomeka, kwenye mkunjo ule ule, na uzi uliobaki umezungushwa juu yake kwa adabu kama nilivyouzungusha mimi. Ulikuwa umebaki mfupi, wa kushonea kifungo tu.

Nikamwambia Skolastika aguse. Mikono yake sasa imekauka kama mizizi. Akapitisha kidole juu ya uzi wa kijani, akapitisha juu ya uzi mweupe. Akarudi kwa wa kijani. Akarudi kwa mweupe.

"Fundo liko ndani," akasema.

"Nimeliona."

"Riziki, mwanangu, unashona na mkono gani?"

Riziki akainua wa kulia. Skolastika hakuona ameinua upi, lakini hakungoja jibu. "Hizi mbili zimeshonwa na mkono ule ule mmoja," akasema. "Wa kushoto."

Mimi ni mtu wa kazi, si wa hadithi. Najua mtu akishikwa na baridi kali akili inaondoka na mikono inaweza kufanya kitu ambacho kichwa hakitakumbuka. Najua na uzi unaweza kulala kushoto kwa mtu aliyejikunja vibaya chini ya jiwe. Nimejiambia hayo yote, na nikienda ziwani kufua nguo najiambia tena. Lakini sindano ile ilirudishwa. Mtu anayekufa kwa baridi harudishi sindano mahali pake.

Basi nyinyi mnaokuja kwangu na picha kwenye simu, mnaotaka inayong'aa, inayolala bapa, isiyowashtua: nitawauzia, mimi ni mfanyabiashara. Lakini mkiniuliza kweli, nitawaambia mtoe kifukoni, mkae pembeni, mtazame. Isipoinuka, iache. Ikiinuka, msikimbie. Geuzeni ndani mtafute mafundo, mjue waliotangulia walifanyaje. Na msiuze wala msinunue saki isiyo na sindano.

Mguu wa Riziki umepona. Wiki hii anarudi mlimani, nimemkataza na hakusikia, hilo ni la damu yetu. Leo asubuhi niliamka nikasikia mtu anaongea kwa sauti ndogo upande wa msumari. Nikachungulia. Alikuwa ameishusha saki nyekundu mwenyewe, ameiweka mapajani, anaisalimia.

Sikumcheka. Nilichukua gunia jipya la unga, nikafumua mdomo wake wote toka pembe hadi pembe, nikazungusha uzi kwenye sindano mpaka ukawa mnene kama kidole. Riziki akaniuliza, "Koko, uzi yote hiyo ya nini, mi niko peke yangu?"

Nikaichomeka chini ya kofia, nikamwambia, "Huu ni wa kuwatosha wawili."